Mama kiongozi, hata Fibi alihitaji kusaidiwa



Leo napenda kuzungumza na kundi ambalo huwa hatuliandikii sana, nalo ni viongozi wa huduma za akina mama makanisani. Naandika nikiwa hapa Penrith, magharibi mwa Sydney, yapata kilomita 50 kutoka katikati ya jiji, mahali ambapo Mto Nepean unapita chini ya milima ya Blue Mountains. Lakini naamini hata mama aliyeko Kigoma, Bukavu, Nakuru au Minnesota atajiona humu.

Huku magharibi mwa Sydney tupo wasema Kiswahili wa kila namna: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania, Wakenya na Waganda. Wengine walikuja kusoma au kutafuta kazi, wengine walipitia kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Wengi wetu tunasali katika majengo ya kuazima, mchana, baada ya wenyeji kumaliza ibada yao. Na popote tunapokutana utamkuta mama mmoja ambaye bila yeye mambo hayaendi.

Mnamjua huyo mama. Ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hajalala, simu inalia. Fulani amejifungua hospitali ya Nepean, nani atampelekea uji? Fulani amefiwa na baba yake huko Uvira, mchango uanze leo. Wawili wamegombana kwa sababu ya sare za kitenge. Mgeni amefika juzi na watoto watano, hajui hata kupanda treni. Jumamosi kuna maombi, Jumapili kuna chakula. Nyumbani nako mume na watoto wanamngoja. Akichoka hathubutu kusema, maana tumeshamzoea kumwita "jembe", na jembe halitarajiwi kuchoka.

Hoja yangu leo ni moja tu. Kiongozi wa namna hiyo, anayesaidia wote na yeye hasaidiwi na mtu, hatumkuti katika Biblia kama mfano wa kuigwa. Tumemtengeneza sisi wenyewe.

Hebu tumtazame Fibi katika Warumi 16:1-2. Alikuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Paulo anamsifu kwamba amewasaidia watu wengi, na yeye Paulo akiwemo. Wahubiri wengi huishia hapo, wakawaambia akina mama, "Nanyi muwe kama Fibi!" Lakini tusome vizuri. Kabla ya kutaja msaada alioutoa, Paulo anawaagiza Warumi wampokee na kumsaidia katika jambo lolote atakalohitaji kwao. Yaani yule msaidizi wa wengi anaombewa msaada, kwa maandishi, mbele ya kanisa zima. Paulo hakuona kwamba anamshushia heshima. Sasa tujiulize, ni lini mara ya mwisho mchungaji alisimama mbele ya kanisa akasema, "Mama huyu ametusaidia sana, sasa anahitaji hiki na kile, tumsaidie"?

Wapo watakaosema kwamba huduma ni kujikana nafsi. Ni kweli, Bwana mwenyewe alisema hivyo. Lakini Bwana huyo huyo aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, si mmoja mmoja (Marko 6:7), na waliporudi wamechoka hata nafasi ya kula hawana, aliwaambia waende faragha wakapumzike (Marko 6:31). Kujikana nafsi ni jambo moja, na kukataa kusaidiwa ni jambo lingine. Wakati mwingine, tusemezane ukweli, ni kiburi kilichovaa kanga ya unyenyekevu. Tunapenda kuitwa sisi, tunapenda funguo za jiko zikae kwetu.

Somo la pili ni la Yethro, katika Kutoka 18. Alimkuta mkwewe Musa ameketi kuamua mashauri ya watu toka asubuhi hadi jioni. Hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia jambo hilo si jema, kwamba atachoka yeye na watu alio nao. Kisha akampa mpango: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi.

Mpango huo unatufaa hapa hapa Penrith. Tarehe 4 Januari 2020 mji huu ulifikia nyuzi joto 48.9. Siku kama ile kiongozi mmoja hawezi kupiga simu nyumba arobaini kuuliza kama bibi ana maji na feni inafanya kazi. Lakini akina mama wanne, kila mmoja na nyumba zake kumi, watamaliza kabla ya saa sita mchana. Gawanyeni basi. Huyu wa wagonjwa na wazazi, huyu wa misiba, huyu wa wageni. Fedha zishikwe na mweka hazina ambaye si mwenyekiti, na hesabu isomwe mbele ya wote kila baada ya msiba au harusi. Hapo hata maneno ya chinichini yatapungua.

Najua kuna dada anayesoma hapa akisema, "Mimi niliyepewa kundi la wageni sijui kusema mbele za watu." Basi nikwambie habari za Mary Sumner, mke wa mchungaji huko Uingereza, aliyeanzisha umoja wa akina mama wa Kianglikana, Mothers' Union, mwaka 1876. Siku ya mkutano wa kwanza aliingiwa na woga, akashindwa kuzungumza, ikabidi awaombe wenzake warudi wiki ijayo. Walirudi, naye akasema. Leo umoja huo uko katika nchi nyingi, na kwetu Afrika Mashariki umeenea hadi vijijini. Wangemcheka siku ile, au wasingerudi, sijui kama tungekuwa nao.

Kwetu nako hatukuanza jana. Woman's Guild ya kanisa la PCEA nchini Kenya ilianza mwaka 1922. WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, ulianza mwaka 1972. Huwezi kudumu miaka hamsini au mia kwa nguvu za mama mmoja. Umoja unadumu pale ambapo mwenyekiti anaandaa wa kumrithi, na siku ya kuondoka anaondoka kwa amani, bila kununa.

Somo la tatu linahusu ugomvi. Katika Wafilipi 4:2-3 kuna wanawake wawili, Euodia na Sintike, waliotofautiana. Paulo anawataja wote wawili kwa majina, na kila mmoja anamsihi kivyake. Hapendelei upande. Hasemi wavuliwe uongozi. Anamwomba mwenzake wa kazi awasaidie, maana walishindana pamoja naye katika kazi ya Injili. Sisi tukigombana kidogo tu, upande mmoja unafungua kundi jipya la WhatsApp, mwezi unaofuata tuna makanisa mawili, na mara nyingi mpasuko unafuata kabila au nchi tuliyotoka. Mama kiongozi, wakigombana wawili wasikilize wote, na usikae peke yako kama hakimu. Mwite mama mwingine mwenye hekima, ikiwezekana wa kabila lingine.

Somo la mwisho ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike.

Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja alinijia baada ya ibada. Alikuwa amevaa mikono mirefu siku ya joto. Aliniambia kwa ufupi yanayomkuta nyumbani. Nilimshika mkono, nikamwombea, nikamwambia, "Vumilia dada, mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake." Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na sufuria mbili za pilau jikoni, na niliogopa kuleta fitina kanisani. Hakunirudia tena. Baadaye nilisikia alipata msaada kwa watu wasio wa kanisa letu. Namshukuru Mungu kwamba yu hai, lakini aibu ile ninayo mpaka leo.

Nilikuwa nimefanya alichofanya Absalomu. Someni 2 Samweli 13. Tamari alipotendewa uovu ndani ya familia, ndugu yake Absalomu alimwambia anyamaze. Baba yake, mfalme Daudi, alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alichukua hatua yoyote. Tamari akakaa katika ukiwa nyumbani mwa ndugu yake. Biblia haikuficha habari hizo ingawa ni za nyumba ya mfalme, na mwisho wake tunaujua: damu ilimwagika katika familia ile.

Kwa hiyo, mama kiongozi, dada akikueleza jambo kama hilo, usimwambie anyamaze. Usilipeleke kwenye maombi ya kundi, maana siri yake ikivuja anaweza kudhurika zaidi. Na usijaribu kulimaliza peke yako. Hapa Australia ipo simu ya 1800 737 732, saa 24, kwa wanaonyanyaswa nyumbani. Kama Kiingereza ni kigumu, piga 131 450 uombe mkalimani wa Kiswahili akuunganishe. Kama kuna hatari ya papo hapo ni 000. Tena tangu tarehe 1 Julai 2024, katika jimbo hili la New South Wales ni kosa la jinai kumnyanyasa mwenzi mara kwa mara kwa nia ya kumdhibiti, hata kama hakuna kipigo. Kumtisha, kumfungia fedha na kumtenga na ndugu zake vinaweza kuhesabiwa humo. Dada zetu wengi hawalijui hilo. Maombi tutaendelea kuomba, ila tuombe huku tumemfikisha mahali salama.

Nimalize kwa kuwageukia wengine wote. Akina baba, wachungaji na vijana, mama huyu si mali ya kanisa. Kabla hujampigia simu usiku, jiulize kama yuko wa karibu zaidi wa kukusaidia. Muda wa kula ukifika Jumapili, mpeni kiti na sahani ya kwanza. Mikono ya Musa ilipochoka vitani, Haruni na Huri hawakumhubiria juu ya uvumilivu. Walimletea jiwe akalie, kisha wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua lilipokuchwa (Kutoka 17:12).

Nawe mama kiongozi, wiki hii chagua jambo moja unalolibeba, ulikabidhi kwa mwenzako. Atalifanya kwa namna yake, pengine chumvi itazidi. Mwache ajifunze. Wewe nenda kalale.

Mungu awabariki nyote, mlio ughaibuni na mlio nyumbani.