Bei ya Zulia Huanzia Mgongoni mwa Kondoo

Mara nyingi watu huuliza kwa nini zulia lililofumwa kwa mkono liuzwe kwa bei kubwa, na hali zulia la kiwandani lapatikana kwa bei ndogo na rangi zake zang'aa zaidi. Swali hili linatuhusu sisi wa Kamukuywa. Mashamba ya skimu waliyogawiwa wazee miaka ya 1960 sasa yagawanywa tena kwa wana na wajukuu, na mahindi peke yake hayatoshi. Vikundi vya akina mama vinavyotafuta kazi ya mikono yafaa vijue thamani yake hutoka wapi.

Kwanza ni sufu. Huko Marekani, watu wa kabila la Navajo ni mashuhuri kwa mazulia yao. Kondoo wao, ambao asili yao ililetwa na Wahispania, wana sufu ndefu isiyo na mafuta mengi, nayo husokotwa kwa urahisi. Hapa Kenya kondoo wa Corriedale hutoa sufu nzuri. Lakini mkulima akiiacha ijae miiba na samadi, au akipaka kondoo alama za lami, hakuna mfumaji atakayeweza kuirudishia uzuri wake. Kondoo wa nywele hawafai kwa kazi hii.

Pili ni siku za kazi. Sufu huoshwa, huchanwa, husokotwa na kutiwa rangi, ndipo nyuzi za mtande zitandwe. Mazulia mazuri kabisa ya Two Grey Hills, huko New Mexico, huwa na nyuzi za mshindio 80 au zaidi katika kila inchi. Basi kipande cha urefu wa futi 3 kina nyuzi 2,880, na zote zimepitishwa kwa vidole. Mwaka 2012 blanketi moja la kale la Navajo liliuzwa mnadani California kwa dola milioni 1.8. Asidanganyike mtu: bei hiyo ni ya kitu cha kale na adimu sana. Lakini kama lingefumwa ovyo, lisingedumu hata kuufikia mnada huo.

Tatu ni jina jema. Mazulia ya Navajo yaliigwa na kuuzwa kwa jina lao, na mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya kuwaadhibu wanaouza vitu vya kuiga kama kazi ya wenyeji hao. Sisi nasi tuliyaona hayo. Kiondo cha Ukambani kilipopendwa ng'ambo miaka ya 1980, viondo vya kuiga kutoka Asia viliingia sokoni, na waliosuka kwa mkono wakapata hasara.

Mfano mwema tunao hapa nchini. Huko Nanyuki kipo kikundi cha akina mama kilichoanzishwa mwaka 1977, ambacho husokota sufu kwa mkono na kufuma mazulia. Mnunuzi hulipa kwa kuwa anaamini anachoambiwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kikundi kikishauriwa na dalali kuchanganya uzi wa kiwandani ili kazi iishe upesi, kikatae. Kiwanda hatuwezi kukishinda kwa wingi wala kwa rahisi; tutakishinda kwa ukweli tu. Mnunuzi akilipindua zulia na kuzikagua pembe zake, aone kazi iliyonyooka pande zote.

Tena, kila mama na aandike siku alizotumia, tangu kuosha sufu hata kukata uzi wa mwisho. Asiyehesabu siku zake, dalali atamhesabia, naye huhesabu chache. Na mwenye kondoo asiuze sufu chafu kwa wafumaji, kisha akalalamika kwamba bei ni ndogo. Wafumaji wakikosa soko, naye atakuwa amelikosa.