Shabiki asivuke mpaka na jezi tu

Septemba 2023 Yanga ilipoifuata Al Merrikh jijini Kigali, mashabiki nao walifunga safari. Safari za namna hiyo sasa ni za kawaida kwa watu wa Simba na Yanga, na zitaongezeka mwaka 2027 wakati fainali za AFCON zitakapochezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Viongozi wa matawi huulizia basi, hoteli, tiketi na jezi. Bima ya safari haiulizwi mpaka mtu aumie.

Shabiki akiteleza kwenye ngazi za uwanja na kuvunjika mguu, hospitali ya ugenini inataka pesa kwanza. Hapo mchango unaanza kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la tawi, huyu elfu tano, yule elfu kumi, majeruhi akisubiri kitandani. Mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa na kukaa nje zaidi ya siku 28, FIFA ina mpango wa kuilipa klabu yake, hadi Euro milioni 7.5. Mchezaji wa 12 hana FIFA yake.

Wapo wanaojipa moyo kwamba basi lina Kadi ya Njano ya COMESA (siyo ile ya mwamuzi). Hiyo ni bima ya chombo, inahusu ajali ya basi. Aliyeanguka jukwaani au kuugua hotelini haimhusu.

Hata aliyekata bima anaweza kukosa haki yake kwa uzembe, na kosa hufanyika siku ileile ya kuumia. Mtu anatibiwa, analipa, anapanda basi kurudi, halafu anaikumbuka kampuni wiki mbili baadaye akiwa na risiti moja iliyolowa jasho. Bima nyingi zinataka namba ya dharura iliyo kwenye hati ipigwe mapema, ikiwezekana kabla ya kulazwa, ili kampuni iongee na hospitali yenyewe. Ripoti ya daktari yenye jina na tarehe itunzwe, risiti zote, na nakala ya pasipoti yenye mhuri wa mpakani. Kama ni vurugu au ajali ya barabarani, ripoti ya polisi ichukuliwe hukohuko. PF3 ya Dar baada ya kurudi haiwezi kuziba pengo hilo.

Na mashabiki waambiane ukweli: aliyeumia akiwa amelewa, au aliyejitosa kwenye ugomvi, mara nyingi dai lake linatupwa. Lile bonanza la asubuhi na wenyeji nalo liulizwe kabla, maana baadhi ya bima hazigusi majeraha ya michezo.

Zanzibar, tangu Oktoba 2024, inamtaka mgeni kutoka nje ya nchi awe na bima ya Dola 44. Mgeni analindwa, shabiki wa hapa akienda kwa watu anaachiwa dua.

Tawi linaloweza kujaza basi linaweza kuingiza bima kwenye nauli, likakata ya kundi, na kumpa mtu mmoja kazi ya kubeba nakala za hati na namba ya dharura. Kampuni ikigoma kulipa bila sababu ya kueleweka, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Shabiki aende huko na barua ya kukataliwa mkononi, siyo na maneno matupu.