Mwenye kazi mbili asikatwe mara mbili

Iko mchezo mmoja wa mezani, jina lake Dungeons & Dragons, Wafaransa wanauita Donjons et Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji wanakaa pamoja na karatasi, kalamu na kete. Mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mtu anashika mhusika wake. Tunauleta hapa juu ya sheria moja yake, ambayo mfanyakazi wa mgodi ataielewa mbio kuliko profesa: sheria ya kumkata mwenye kazi mbili.

Katika mchezo ule kazi njo kitu cha kwanza. Askari anapiga vita. Kasisi anaponya. Mwizi anafungua kufuli na kutegua mitego. Mganga anasoma uganga wake mu vitabu (tusimchanganye na mchawi wa usiku anayewatisha watoto huku kwetu, huyu ni mtu wa masomo). Wakishuka shimoni pamoja na kutoka wazima, kiongozi anawapa pointi za uzoefu, na pointi zikitosha mtu anapanda ngazi. Ni kama kupandishwa cheo kazini, ila hapa hakuna shefu wa kupendelea shemeji yake.

Sasa, mtu akitaka kuwa kasisi na mwizi pamoja?

Kitabu cha 1978 kilijibu kwa ukali. Mwanadamu hakuruhusiwa kufanya kazi mbili kwa pamoja. Aliweza paka kuacha ya kwanza na kuanza nyingine toka chini, tena kama katikati ya safari alirudilia ufundi wake wa zamani mbele kazi mpya haijaupita kwa ngazi, pointi zake za safari ile zilipotea. Fikirieni fundi wa kuunga vyuma aliyejifunza kuendesha kamyo: chuma kinapasuka mbele yake, na anakatazwa kukigusa.

Watu wa makabila mengine ya mchezo waliruhusiwa kuchanganya, lakini wakawekewa dari. Tuchukue dwafu, maana huyu ni ndugu yetu wa kazi. Ni mtu mfupi mwenye ndevu, anaishi ndani ya milima, anachimba. Sheria zinampa akili ya chini ya udongo: anasikia njia ikiteremka polepole, anatambua ukuta uliojengwa juzi na ule wa zamani, anaweza kukadiria ameshuka chini kiasi gani. Ninyi mnaoshuka kila siku mnajua akili ile haifundishwi kwa masomo ya wiki moja. Basi dwafu huyu, akiwa askari, hakupita ngazi ya 9, hata awe na nguvu namna gani, na mwanadamu pembeni yake alipanda bila mwisho. Wazee wetu waliofanya kazi wakati wa Wabelgiji wanajua dari ya namna ile. Hatuna haja ya kuwaelezea.

Mwaka 2000 kampuni Wizards of the Coast ilitoa toleo la tatu. Likafungua mlango: kila mtu achanganye kazi anazotaka. Ila nyuma ya mlango wakaweka mkasi. Ngazi za kazi zako zikiachana kwa zaidi ya 1, unakatwa 20% ya pointi zako kwa kila kazi iliyobaki nyuma. Kazi moja tu haihesabiwi, ile ya kupendelewa, na hiyo inategemea ulizaliwa nani: ya dwafu ni uaskari, ya elfi ni uganga, ya mwanadamu ni yoyote aliyofikisha ngazi ya juu.

Tufanye hesabu kama mu karatasi ya mushahara. Dwafu wetu ni kasisi wa ngazi 6 na mwizi wa ngazi 3, jumla 9. Anashuka na wenzake, anapigana vile vile, anatoka damu vile vile. Kiongozi anampa kila mmoja pointi 1.000, dwafu anapokea 800. Kupanda toka ngazi ya 9 kufika ya 10 inaomba pointi 9.000. Kwa wenzake ni 9.000 kweli. Yeye itabidi atumikie 11.250.

Na mbele ya kukatwa, alikuwa ameshalipa! Kasisi mwenye kubaki kasisi tu mpaka ngazi ya 9 anaweza kufufua rafiki aliyekufa. Dwafu wetu hawezi, juu miaka yake mitatu, tuseme hivyo, aliitia mu kufuli na mitego. Hiyo ni haki, hatulalamiki. Kila mtu anajua: siku unayolima shamba, hauko kwenye mashine. Wakati hauzidishwi. Lakini kukata tena juu ya hapo, hiyo ni kumlipisha mtu mara mbili kwa kitu kimoja.

Wanaoitetea sheria ile wanasema iliwekwa juu ya walafi, wale wanaoonja kila kazi ngazi moja, wanachukua utamu wa mwanzo na kukimbia. Kweli walafi wako. Mu vitabu vya 2000 ngazi ya kwanza ya mlinzi wa pori ilikupa mara moja ufundi wa kupigana na silaha mbili, na askari wengi waliingia pale kuuchukua tu. Lakini angalieni mkasi ulikata nani. Mwanadamu askari wa ngazi 4, mlinzi wa pori ngazi 1, mwizi ngazi 1: hakatwi kitu. Kazi yake kubwa haihesabiwi, na zile mbili ndogo ziko sawa. Mlafi anapita akipiga mluzi, dwafu aliyesomea kazi mbili kwa miaka anaachwa anahesabu hasara.

Dawa yenyewe walikuwa nayo. Mwaka 2003, walipotengeneza upya vitabu, walihamisha ufundi ule wa silaha mbili mpaka ngazi ya pili ya mlinzi wa pori. Mwonjaji sasa alipaswa kubaki kidogo. Hapo hakukatwa mtu hata pointi moja. Sisi tunauliza: kama walijua kufunga tundu, juu ya nini waliacha mkasi mezani?

Wengine waliuondoa. Pathfinder ya 2009, iliyozaliwa na sheria zile zile, iligeuza mambo: haikukati kitu, inakuongezea kidogo kila unapopanda ngazi katika kazi yako ya kupendelewa, na kazi hiyo unaichagua mwenyewe. Dungeons & Dragons ya 2014 inaomba tu uwe na 13 katika uwezo unaohusu kazi zako, ile ya zamani na ile mpya. Hiyo ni kama mtihani wa kuingia, nasi tunaukubali. Ukishaingia, pointi zako ni zako.

Basi vijana mnaocheza bado na vitabu vya 2000 ao vya 2003, kiongozi wa meza iko na ruhusa ya kubadilisha sheria, vitabu vyenyewe vinampa. Achukue kalamu na kupiga mstari juu ya ile 20%, tena mbele ya mchezo kuanza, kila mtu akiona. Na dwafu apewe 1.000 yake.