Kuni za shule: amri tumeipata, bili ni ya nani?

Niko Maposeni, hapa jirani na Peramiho, na nimeona niandike kabla bando halijaisha.

Kila tukiongelea kupunguza gharama za nishati mashuleni, wataalamu wetu wanakimbilia taa. Zima taa, weka balbu za LED. Sawa, lakini shule nyingi huku ni za kutwa, jioni hakuna mtu. Taa gani hiyo ya kuzima? Nishati ya shule zetu iko jikoni, kwenye mafiga matatu na sufuria la makande.

Shule niliyosoma (siitaji, walimu wengine bado wako kazini) kila mmoja wetu alitakiwa kuja na mzigo wa kuni. Usipoleta, viboko. Kwenye mahesabu ya shule kuni zilikuwa bure kabisa! Aliyelipa ni msitu, pamoja na mpishi aliyekohoa mwaka mzima.

Ndiyo maana katazo la Serikali naliunga mkono: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei mwaka huo Rais Samia akazindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Tatizo ni hela. Gesi inashushwa bandarini, kisha inapanda lori zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar hadi Songea. Na haiji mzigo mmoja mmoja kichwani mwa mtoto, inadai fedha taslimu. Elimu bila ada iliyoanza 2016 haikumwondolea mzazi wa kutwa mzigo wa chakula cha mchana. Kwa hiyo bili inarudi kwa mkulima yule yule wa mahindi, ikiitwa "mchango".

Mimi ningeanza na vya bei rahisi. Loweka maharage usiku kucha. Jenga jiko banifu la matofali, sufuria likae ndani na moshi utoke kwa bomba, linaweza kupunguza kuni karibu nusu. Najua, banifu nalo ni kuni na katazo halilitaki. Lakini ni afadhali hilo kuliko mafiga yanayofichwa siku mkaguzi akija.

Halafu kuna umeme. Songea ilitegemea majenereta ya dizeli mpaka Gridi ya Taifa ilipofika 2018. Masista wa Chipole nao wana mtambo wa maji wa Tulila kwenye Mto Ruvuma. Maji yanapita hapa hapa, kwa nini sufuria la Songea lisubiri meli? Halmashauri itenge fungu la majiko ya umeme, ianze na shule zenye bweni, ndipo itume wakaguzi.

Mliosoma bweni, jiko lenu lilikuwaje?