Mateka Aliyedai Mshahara Wake

Toleo hili ni la mateka wa vita, na tunamtanguliza Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa na miaka 10 alipoingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake. Oktoba 1917, katika mapigano ya Mahiwa, ambako maelfu waliuawa au kujeruhiwa kwa siku nne, alipata jeraha akatekwa na Waingereza. Mtoto wa miaka 13!

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikaisha, akaachiwa, lakini mshahara wake na wa baba yake haukulipwa. Mwaka 1929 akafika Berlin kuudai mwenyewe. Akajibiwa kuwa muda wa kudai umepita. Akabaki hukohuko, akahudumu mgahawani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu. Mwaka 1934 akaomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akatupwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mara ya kwanza alishikwa na adui, na akatoka. Mara ya pili alishikwa na serikali ya nchi aliyoipigania, na hakutoka.

Wapo wanaomkumbuka kama askari mwaminifu. Sikubaliani nao. Maisha yake yote ya utu uzima alidai haki yake, tena kwa maandishi, mbele ya wakubwa waliomdharau.

Deni hilo la mishahara linatuhusu huku kanda ya ziwa. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa jeshi hilo la Wajerumani waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza wazee wengi walifika bila vyeti, wakapewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani wacheze kwata ili wathibitishe uaskari wao. Kwangu hiyo ni aibu ya mdaiwa, si ya wazee wale.

Husen tunamfahamu kwa sababu karatasi zake zilitunzwa Berlin. Za babu zetu, wakiwemo waliokwenda kupigana Burma na Madagaska katika Vita Vikuu vya Pili, ziko masandukuni. Wasomaji wa Kimali, Bariadi, Maswa na Meatu, zitoeni, zinakiliwe, na wazee waulizwe sasa wangali hai.