Jani la Isale Lawapita Wadau, Wakaita Ndumba!

Wadau, ile posti ya jani inabidi iongelewe, maana mtandaoni pamechafuka bila sababu ya msingi.

Kwa ambao wiki hiyo bando liliwakatikia, ishu yenyewe ni hivi. Kuna dada anaimba Bongo Fleva, kwao Marangu, ana miezi kadhaa haongei na mwenzake aliyeanza naye muziki pale Moshi mjini. Huyo mwenzake kwao Kibosho. Majina yabaki kabatini. Chanzo cha ugomvi kila mtu ana toleo lake, wengine wanasema hela ya shoo, wengine kolabo iliyoota mbawa. Basi Ijumaa usiku dada wa Marangu akapandisha picha moja tu: jani refu la kijani, limepigwa fundo, limelazwa mezani. Kapsheni neno moja, "Nimeleta." Hakumtag mtu.

Hazikupita dakika kumi komenti zikafurika. "Ndumba hiyo." "Kamfunga mwenzie, oneni fundo." "Shoga unaroga mpaka hadharani?" Timu Kibosho wakaporomosha matusi ya nguoni. Timu Marangu nao, badala ya kutetea, wakawa wanashangilia eti mfunge huyo asitoke. Ukurasa mmoja wa udaku ukalipa jina kabisa, dongo la mwaka. Jumapili jioni dada akafuta posti. Na yule mwenzake, ambaye watu wake wa karibu wanasema alishaanza kulainika, akaweka stori kwamba mlango umefungwa na ufunguo umetupwa.

Sasa jani lile linaitwa isale. Ukipanda gari mjini kwenda Marangu, Machame au Old Moshi utaliona mpaka uchoke, limepandwa kama ua kuonyesha kihamba cha huyu kinaishia wapi na cha jirani kinaanzia wapi. Lipo pia kwenye makaburi ya wazee. Kwa Wachaga ni mmea wa heshima, na kazi yake inayojulikana kuliko zote ni kuomba msamaha. Kijana amemvunjia baba yake heshima, ndugu wamekatana maneno mazito kisa shamba, mtu anachuma isale anampelekea aliyemkosea. Na aliyeletewa kimila hatarajiwi kukataa, hata kama moyo bado unachemka. Kukataa isale ni jambo zito, wazee wanaweza wakakugeuzia kibao wewe uliyekosewa.

Kwa hiyo "Nimeleta" ilikuwa sentensi nzima. Nimekuja, nimekosa, yaishe. Mtu mmoja kwenye ile mitandao ndiye aliyetakiwa kuelewa, na kwa kuwa ni mtoto wa Kibosho hakuna shaka kwamba alielewa. Ila angepokeaje msamaha huku watu elfu kadhaa wanamwambia amerogwa?

Kiukweli mashabiki wa Bongo wana shule moja tu ya kusoma mafumbo, nayo ni ya mipasho. Imetoka mbali hiyo, kwenye taarab na kwenye kanga. Mama wa Pwani ananunua kanga kwa ajili ya jina lililoandikwa pale chini, anajifunga, anapita mlangoni kwa jirani, habari imefika bila kufungua mdomo. Ni ufundi mkubwa na hakuna wa kuubeza. Tatizo ni pale mtu anapodhani kila kitu kisichosemwa wazi lazima kiwe kijembe. Picha ya machweo, kijembe. Chungu cha ndizi nyama, kijembe. Mtu akiweka jani, basi huyo kaenda kwa mganga.

Kinachochekesha ni kwamba dongo la kweli lilishapita na hakuna aliyeliona. Miezi miwili nyuma yule wa Kibosho alipandisha picha ya kilele cha Mawenzi, kile kilichochongoka kama meno, akaandika "Karibu tena kuomba moto." Komenti zikawa moyo moyo, "hongera kwa utalii wa ndani", "Moshi kuzuri jamani". Weee! Watoto waliokulia mlimani wanasimuliwa kwamba Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto wake, ukizimika anaenda kuomba kwa ndugu yake Kibo. Akaenda, akarudi tena, na tena, mpaka Kibo akachoka akamshushia kipigo cha mwizi. Ndiyo maana Mawenzi kabaki na mita 5,149 zilizobomoka bomoka wakati Kibo yuko juu na mita 5,895, kichwa kimetulia. Sasa mpigie picha hiyo mtu aliyekuwa anakuomba kolabo kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo palikuwa na tusi, mashabiki wakaligongea laiki.

Fumbo haliko kwenye picha peke yake, liko kwenye kile ambacho watu wawili wanakijua pamoja. Ukitaja mwenge na Kilimanjaro, Mtanzania yeyote aliyepita shule ya msingi anashika hapohapo, anakumbuka Nyerere, anakumbuka Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipoupandisha mwenge na bendera kileleni. Tumefundishwa wote. Isale hatukufundishwa wote. Watu wanakariri sitiari na tashibiha kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, halafu linaletwa jani moja tu wanakimbilia uchawi, wakati kuuliza "hiki kwao kina maana gani?" kungechukua nusu dakika na ni bure.

Lakini na dada wa Marangu naye apewe lake. Isale halipandishwi mtandaoni. Linapelekwa kwa mkono, na mara nyingi unatafuta mtu mzima wa kukutangulia, maana kule kwenda na kuinama mlangoni kwa mwenzio ni sehemu ya maneno yenyewe. Ukiliweka hadharani mbele ya watu wasiokijua kihamba wala mila zake, umelivua nusu ya maana. Pengine aliona aibu, pengine alitaka dunia ishuhudie. Vyovyote vile, Marangu na Kibosho ni mlima mmoja, nauli haifiki hata bei ya bando alilotumia, na masale hayajaisha kwenye ua wa mama yake.

Kabla posti haijafutwa, chini kabisa palikuwa na komenti ya mdada mmoja: "Jamani hilo ni isale, anaomba radhi, muacheni." Laiki tatu. Jibu lilikuwa moja: "Tulia wewe mshamba, huyajui mambo ya mjini."