Dhahabu, zaka yake na roho zilizo shimoni

 

Ndugu zetu Waislamu, kuanzia Kahama hadi Geita si rahisi kumpata mtu asiyekuwa na ndugu, jirani au mdeni aliyewahi kushuka duarani. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka 2024 mchango wa madini katika Pato la Taifa ulifikia takriban asilimia 10, lengo ambalo lilikuwa limewekwa kwa mwaka 2025. Kwa nchi yenye uchumi mdogo kama yetu, hilo si jambo la kupuuzwa.

Kuhusu mikataba ya makampuni makubwa mengi yamekwisha kusemwa, na baada ya sheria za mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi. Walikuwepo waliosema kuwa kuipitia upya ahadi iliyokwisha kutolewa ni uvunjaji wa ahadi. Hao tunawakumbusha kisa cha Abyadh bin Hammal (R.A.), kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ambaye alimwomba Mtume (S.A.W.) machimbo ya chumvi ya Ma'rib naye akapewa. Alipoondoka, Mtume (S.A.W.) akaarifiwa kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, yaani watu wote huifikia bila taabu. Basi akairejesha. Kutokana na kisa hicho wanazuoni wakajadili kwa urefu ni madini gani yanaweza kumilikishwa mtu mmoja na yapi ni ya umma.

Lakini leo tunataka kukaa zaidi kwa wachimbaji wadogo, kwa kuwa huko ndiko waliko wengi wetu, na huko ndiko watu wanakofia.

Ipo hadithi ya Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) ametaja kwa pamoja mnyama, kisima, mgodi na rikazi. Kuhusu mgodi, hukumu yake ni kwamba anayefia humo hadaiwi fidia mwenye mgodi. Kuhusu rikazi, yaani hazina iliyofukiwa na watu wa kale, hutolewa humusi, sehemu moja ya tano. Ajabu ni kwamba wapo wenye maduara wanaoihifadhi vizuri ile hukumu ya mgodi, na hadithi hiyo hiyo inapofika kwenye mali ya kutolewa, kumbukumbu huwapotea.

Hata hiyo hukumu wanayoishika hawaishiki sawasawa. Imamu Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hii, anaeleza kuwa asiyedaiwa ni yule aliyechimba katika milki yake au katika ardhi isiyo ya mtu, akaajiri watu na mgodi ukawaangukia. Aliyechimba katika njia ya Waislamu bila ya ruhusa, akaanguka mtu akafa, huyo anadaiwa. Maana yake ni kuwa mpaka uko kwenye kuvuka haki. Sasa tunauliza: mtu anayeona matimba yameoza, akaacha kuyabadilisha kwa sababu mawe yenye dhahabu yamekaribia, kisha akawateremsha vijana wa watu, amebaki upande gani wa mpaka huo? Sisi hatuoni kuwa anaweza kujificha nyuma ya hadithi hii.

Nyangarata, wilayani Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa wadudu, vyura na maji ya kudondoka. Nyarugusu, Geita, Januari 2017, wengine 15 waliokolewa. Watu walishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Hata hivyo mwokozi wa kwanza wa mchimbaji ni gogo zima lililosimamishwa mahali pake kabla hajashuka.

Zebaki nayo ina mauti yake, ila huchelewa. Huchomwa katika kikaango nyumbani, mvuke ukavutwa na mama na mtoto mchanga, na mabaki yakaishia mtoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na chombo cha kunasia mvuke huo si cha gharama ya kumshinda mwenye karasha. Kanuni ya Sheria ya kutodhuru wala kudhuriana inajulikana na kila mwanafunzi wa madrasa.

Tunarejea kwenye mali. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, dhahabu inayotoka mgodini hutolewa zaka asilimia 2.5 ikifika nisabu, ambayo wengi hukadiria kuwa gramu 85, wala haisubiri kupitiwa na mwaka. Mahanafi wao wanaihesabu pamoja na rikazi, hivyo ni humusi. Zamani mtu angeweza kusema hajui amepata kiasi gani, kwa kuwa aliuza gizani kwa mizani ya mnunuzi. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na masoko mengine yakafuata. Humo dhahabu hupimwa na kuandikwa, na muuzaji hutoka na karatasi yenye gramu zake.

Kinachobaki ni suala la mgawo. Mifuko ya mawe hugawanywa baina ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Je, nisabu itazamwe kwa fungu la kila mmoja au kwa mali yote kabla ya kugawanywa? Tunawaomba masheikh wa Shinyanga na Geita wakae pamoja, walitolee hukumu jambo hili na kulisoma mimbarini, na kamati za misikiti ziandae orodha ya wajane na mayatima wa maduarani, ili zaka itakapotoka ijulikane inaanzia kwa nani.